Pwani Si Ufukwe

Katika maandishi mengi ya siku hizi, pwani na ufukwe huchukuliwa kuwa ni kitu kimoja. Kwetu sisi wa visiwani sivyo. Ufukwe ni mchanga unaokomea maji yajaapo. Pwani, neno litokanalo na kupwa, ni pale yanapoondoka maji na kurejea, takriban mara mbili kwa siku.

Tofauti hiyo si ya kamusi tu. Kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, makonde yalikuwa pwani, si ufukweni, na wakulima wake wengi ni wanawake. Huko ndiko pia wachokoapo pweza wakati wa bamvua.

Kwa hiyo, aliyekodishwa ufukwe hakukodishwa pwani. Tunawasihi wakuu wanaohusika na ardhi na utalii waeleze wazi katika kila mkataba ni neno lipi lililokusudiwa, na wazitaje njia za wananchi za kuteremkia. Mgeni akiyakuta maji yamejaa huona ufukwe peke yake. Wenyeji wanajua kuwa maji yakijaa hupwa, na yakipwa wana kazi ya kufanya.