Chai, Soda au Uji: Je, Tunalitendea Tumbo Haki?

Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Sisi wa Baba Dogo methali hii tunaijua kwa kichwa, ila tumboni haijafika. Hebu keti nyuma ya darasa lolote baada ya mapumziko ya saa nne ujionee. Huyu ameinamia dawati, yule anaomba ruhusa ya kwenda chooni, mwingine anacheua mpaka mwalimu anageuka kutoka ubaoni. Ukiwauliza wana nini, jibu ni moja: "Ni alsa tu."

Mimi sikubaliani na jibu hilo. Maoni yangu ni kwamba wengi wetu hatuna vidonda vya tumbo. Tuna mazoea mabaya ya kunywa, na mazoea hayo yanatuharibia masomo.

Kwanza tujue alsa ni nini hasa. Zamani watu waliamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo mengi na pilipili. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, wakaonyesha kwamba chanzo kikubwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Watu walipokataa kusadiki, Marshall mwenyewe alikunywa bakteria hao mwaka wa 1984, na baada ya siku chache tumbo lake likavimba ndani. Mwaka wa 2005 wawili hao wakatunukiwa Tuzo ya Nobeli. Chanzo kingine kikubwa ni kumeza mara kwa mara dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Maana yake ni kwamba alsa ya kweli hupimwa hospitalini na hutibika kwa dawa. Haitibiwi kwa soda, wala kwa unga wa dukani unaochemka kwenye glasi. Mwenye maumivu yasiyoisha, anayetapika damu au kwenda choo cheusi kama lami, asikae nyumbani akijiita mgonjwa wa alsa. Aende akapimwe mara moja.

Sasa tugeukie vikombe vyetu. Nitaanza na chai, maana chai ndiyo mfalme wa mtaa huu. Kenya imekuwa ikikuza chai tangu 1903 ilipopandwa Limuru, na leo zao hili huliletea taifa pesa nyingi za kigeni. Sina nia ya kuipinga. Tena chai ina sifa moja ambayo watu huisahau: maji yake yamechemshwa. Katika mtaa ambao maji hununuliwa kwa mtungi wa lita ishirini, na hujui mtungi ule ulioshwa lini, hiyo si sifa ndogo.

Shida ni wakati na namna tunavyoinywa. Wengi wetu hutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kikombe cha strungi pekee tumboni. Kafeini iliyo ndani ya majani huchochea tumbo kutoa asidi zaidi. Kama hakuna chakula cha kusagwa, baadhi yetu huanza kuhisi moto kifuani na tumbo kunguruma. Ukila japo kiazi kitamu, nduma au mkate pamoja na hiyo chai, mambo huwa nafuu.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, na linawahusu hasa wasichana. Chai ina tanini. Hizi hushikana na madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, githeri na sukuma wiki, yakapita tumboni bila kuingia mwilini. Sisi tunaokula nyama kwa nadra hutegemea sana chuma cha mimea, na msichana hupoteza damu kila mwezi. Kuteremsha githeri kwa chai ni kama kuchota maji kwa ndoo yenye tundu. Dawa yake haihitaji pesa. Ngoja angalau saa moja baada ya chakula ndipo unywe chai. Ukipata chungwa au ndimu, vitamini C iliyomo itausaidia mwili kuchukua hicho chuma. Ikiwa unahisi uchovu kila siku na kizunguzungu ukisimama, usidhani ni uvivu. Nenda ukapimwe damu.

Tukija kwa soda, hapa nitawaudhi mabeste zangu wengi, lakini ukweli haufichiki. Kuna imani kwamba soda huondoa gesi tumboni. La hasha! Soda yenyewe imejazwa gesi ya kaboni dioksidi. Ukicheua unadhani umepona, kumbe umetoa ile gesi uliyoinunua. Isitoshe, soda ya kola ina karibu gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya nusu lita basi ina kama gramu 50, yaani vijiko kumi na viwili na ushei vya chai. Mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata kwa chakula, na ni bora ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25 kwa siku. Chupa moja imeshapita kiwango hicho maradufu, na bado hujanywa chai ya jioni yenye vijiko vinne.

Ndugu ya soda ni hivi vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo wanafunzi hununua mtihani ukikaribia. Kopo la mililita 250 kwa kawaida huwa na miligramu 80 hivi za kafeini, na sukari juu. Unakesha, kweli, lakini asubuhi moyo unadunda, tumbo linawaka, na yale uliyosoma yamepeperuka kwa kukosa usingizi. Nguvu gani hiyo ya kukopa leo na kulipa kesho na riba?

Maziwa nayo yana siri yake. Watu wazima wengi barani Afrika hawana tena kimeng'enya cha laktesi cha kutosha kusaga sukari ya maziwa, ingawa jamii nyingi za wafugaji bado wanacho. Kwa hiyo ukinywa glasi ya maziwa tumbo likajaa gesi na kuharisha, hujarogwa. Jaribu mala, maana bakteria wanaoigandisha wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo.

Kinywaji ambacho mimi ningekipa taji ni uji wa wimbi uliochachushwa, ule wa nyanya zetu. Wimbi lina kalsiamu nyingi kuliko mahindi, na kuuchachusha unga husaidia mwili kupata madini yake. Tena uji hukaa tumboni, haukuachi ukipiga miayo saa tano. Ajabu ni kwamba tunauonea haya. Tunaona ni kinywaji cha watoto wa nasari na wajenzi wa mjengo. Wajenzi hao hubeba mawe kutwa, nasi hatuwezi kubeba somo la hesabu mpaka saa sita!

Mwisho ni maji. Hapa ndipo kuna kilio changu kikubwa. Nairobi ilikumbwa na kipindupindu mwaka wa 2015 na tena 2017, kwa hiyo kuchemsha maji si maringo. Yakichemka kwa nguvu dakika moja yanatosha, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo. Lakini hata maji safi yakiwepo, wasichana wengi shuleni hawanywi kusudi. Mbona? Kwa sababu vyoo ni vichache, mlolongo ni mrefu, na milango mingine haifungi. Basi wanakaa na kiu tangu asubuhi hadi saa kumi. Matokeo yake ni kuumwa na kichwa, choo kigumu, na maambukizi ya njia ya mkojo. Hili halitamalizwa kwa kuwahubiria wanafunzi wanywe maji. Kwanza mlango utiwe komeo.

Kwa hivyo walimu wetu wapenzi, nina maombi matatu. La kwanza, kantini iuze uji saa nne kando ya soda, ili anayetaka apate. La pili, pawe na mtungi wenye mfereji na maji yaliyotiwa dawa karibu na madarasa, kila darasa likiwa na zamu ya kuuosha. La tatu, na ndilo la haraka, vyoo vya wasichana virekebishwe muhula huu.

Nanyi wanafunzi wenzangu, msingoje uongozi kwa kila kitu. Kula kitu kabla ya strungi. Iache githeri ishuke kabla ya chai. Soda iwe ya sherehe, si ya kila siku. Anayesema haya ni mambo madogo na akumbuke ya kwamba haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha vijiko vya sukari vile vile hujaa kidogo kidogo. Karo inalipwa kwa shida katika mtaa wetu. Haifai tuilipe halafu tulale juu ya dawati tukishika tumbo.