Umeme Uliomo Ndani ya Chumvi

Chumvi haikosekani jikoni, na pengine kwa sababu hiyo ni wachache wanaoulizana habari zake. Lakini mtu akiambiwa imetokana na nini, huenda akasita kuitia mchuzini. Imetokana na vitu viwili vikali. Kimoja ni sodiamu, metali laini ikatikayo kwa kisu, ambayo ikitiwa majini hutoa moto na pengine kulipuka. Cha pili ni klorini, gesi ya sumu, ambayo jeshi la Ujerumani liliitumia kuwaua askari karibu na Ypres, nchini Ubelgiji, tarehe 22 Aprili, 1915. Yawezekanaje basi viwili hivyo kuwa kiungo cha chakula?

Jawabu limo katika umeme wa atomu. Ndani ya kila atomu mna protoni, zenye chaji chanya, na elektroni, zenye chaji hasi. Idadi zao zikiwa sawa, chaji hizo hufutana, mfano wa mizani isiyoelemea upande wowote. Sodiamu ina protoni 11 na elektroni 11. Klorini ina 17 na 17.

Vitu hivyo vikutanapo, sodiamu hutoa elektroni moja, na klorini huipokea. Sasa sodiamu ina protoni 11 na elektroni 10, kwa hiyo chaji yake ni chanya moja. Klorini ina protoni 17 na elektroni 18. Chaji yake ni hasi moja. Atomu iliyopata au kupoteza elektroni huitwa ioni. Protoni hazikuguswa, hivyo sodiamu ingali sodiamu. Lakini ukali wake umekwisha.

Wataalamu hawakulikubali jambo hili upesi. Mwaka 1884 kijana wa Sweden, Svante Arrhenius, aliandika juu ya namna maji yenye chumvi yapitishavyo umeme, na walimu wake wa Chuo Kikuu cha Uppsala wakampa daraja ya chini. Baadaye alieleza wazi kwamba chumvi iyeyukapo hutengana kuwa ioni. Wapinzani wakauliza: ikiwa sodiamu imo majini peke yake, mbona maji hayalipuki? Walisahau kwamba ioni si atomu. Mwaka 1903 Arrhenius alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Maji yaliyo safi kabisa hupitisha umeme kwa shida sana. Ioni ndizo ziuchukuao. Maji ya kisima na jasho la mwili vina ioni, na ndiyo sababu ni hatari kushika swichi kwa mkono uliolowa.

Mwili nao huzitegemea ioni ili mishipa ya fahamu na misuli ifanye kazi. Mtoto anayeharisha hupoteza maji pamoja na ioni za sodiamu, na maji matupu hayazirudishi. Ikiwa pakiti za dawa ya maji na chumvi hazipatikani, yafaa kuchanganya lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Sukari husaidia utumbo kuipokea sodiamu. Chumvi isizidishwe, kwani ikizidi hudhuru. Apewe kidogo kidogo, na akishindwa kunywa au akilegea, apelekwe hospitali bila kukawia.