"Mimi Mzima" Si Hoja

Wako watumishi wa umma ambao kila watajiwapo chanjo hujibu maneno mawili tu: "Mimi mzima." Husema hivyo kwa majivuno, kana kwamba afya ni cheo walichopandishwa kwa juhudi zao.

Tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, kuzindua chanjo ya UVIKO-19. Dozi zaidi ya milioni 1 zilikuwa zimekwisha wasili, za aina ambayo sindano moja ilitosha, na kuchanjwa kulikuwa kwa hiari. Lakini miezi ilipita, na maofisini na katika vyumba vya walimu wengi walikuwa bado wanapiga porojo: mara chanjo inaleta utasa, mara waliochanjwa watakufa baada ya miaka 2. Miaka hiyo 2 imepita zamani.

Asiseme mtu kwamba hao walikuwa wajinga. Mwalimu yule yule aliyekataa hakosi kumpeleka mwanawe kliniki akachanjwe surua na pepopunda. Ofisa yule yule, apatapo safari ya nje, hukimbilia sindano ya homa ya manjano bila kuuliza imetengenezwa wapi. Na mwaka 2022, Saudi Arabia iliposharutisha chanjo ya UVIKO-19 kwa mahujaji, waliotaka kuhiji walichanjwa. Basi sindano haikataliwi kwa kuwa ni sindano. Hukubaliwa pale faida yake inapomfikia mtu mwenyewe au mwanawe. Faida ikimwendea jirani, ndipo maswali yanapoanza. Huo, ndugu zangu, ni ubinafsi uliovishwa koti la tahadhari.

Maana kijana mwenye nguvu aghalabu huugua siku chache akapona. Jioni, hata hivyo, hurudi nyumbani kwa mama mzee mwenye kisukari. Ni kweli chanjo haizuii maambukizi yote. Huyapunguza, na hasa hupunguza ugonjwa mkali. Homa kali ya mafua nayo ni hivyo hivyo, ila hapo hata lugha yetu hutuponza: tukisikia mafua twafikiri kamasi, kumbe ni ugonjwa unaoua wazee.

Hata hivyo tusiwatupie hao lawama zote. Januari 2021 wananchi walisikia kutoka uongozi wa juu kabisa kwamba chanjo hizo za kigeni zitiliwe shaka. Julai mwaka ule ule wakatakiwa wazipokee. Mtumishi aliyezoea kufuata waraka alijikuta na nyaraka mbili zinazopingana, na badala ya kuelezwa kwa makini ni nini kilichobadilika, akapigiwa kampeni. Chama hakiwezi kulikwepa jambo hili, wala viongozi wa matawi waliowahimiza wenzao huku wao wenyewe wakingoja waone.

Mlipuko mwingine ukija, viongozi hao na watangulie kwenye foleni, mbele ya watu, waeleze na sababu. Hapo ndipo tutakapokuwa na haki ya kumwuliza huyo mzima ni nani anayemngoja nyumbani.