Wekundu wa chakula si damu

Msomaji mpenzi, Jumapili ya leo nina deni la kulipa. Si deni la pesa. Ni deni la maneno niliyoyatamka mlangoni pa jirani yangu nikidhani ninamsaidia, kumbe ninampoteza.

Jirani huyu ana binti wa Kidato cha Tatu anayesoma katika shule ya bweni. Shule zilipofungwa, msichana alirudi nyumbani akiwa mnyonge. Nasi twaishi orofa ya nne, ambako maji hupanda kwa mtungi siku ambazo mfereji umekauka. Binti akipanda ngazi hadi orofa ya pili, hukaa chini kupumua. Akifungua kitabu, husinzia. Babake akalipa jambo hilo jina upesi: uvivu. Mama mtu hakuridhika, akaja kubisha kwangu.

"Dadangu, wewe ndiwe mwenye kuandika mambo ya vyakula. Huyu mtoto nimpe nini?"

Nilimtazama msichana, nikaona viganja na midomo yake imepauka. Nikajibu kwa haraka ya mjuaji: "Huyu amepungukiwa na damu. Mnunulie biti, usage, anywe gilasi moja asubuhi na moja jioni."

Mama akanunua biti. Mwenzake wa chama akamwongezea dawa yake: soda nyeusi iliyokorogwa na yai. Wiki tatu pesa zilitoka, na jikoni kukawa kwekundu kama machinjioni. Kisha, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, binti alianguka kwenye ngazi akiwa na mtungi wa maji. Hakuvunjika mfupa, lakini alizimia.

Hospitalini walimpima damu wakapata gramu 8 za himoglobini kwa desilita. Msichana wa umri wake hutarajiwa kuwa na gramu 12 au zaidi. Yaani muda wote tuliokuwa tukimnywesha rangi, moyo wake ulikuwa ukifanya kazi ya ziada kusukuma damu hafifu. Hakuwa mvivu hata kidogo.

MASWALI MANNE YA DAKTARI

Niliandamana nao siku hiyo, kwa hivyo niliyasikia kwa masikio yangu. Daktari hakutucheka. Aliuliza maswali manne tu.

La kwanza, hedhi yake huchukua siku ngapi? Siku nane, na nyingi. La pili, hutembea bila viatu? Naam, kila akienda kwa nyanyake mashambani. La tatu, akila chakula hushushia nini? Chai ya rangi, nzito, asubuhi, mchana na jioni. La nne likamfanya msichana ainamishe kichwa: "Unakula udongo?" Mkobani mwake mlikuwa na vipande vya odowa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuliza lolote kati ya hayo. Sote tulikuwa tumeanzia kwenye tiba kabla ya kujua chanzo.

HESABU YA BITI

Niliporudi nyumbani nilifanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kufungua mdomo. Msichana wa miaka 14 hadi 18 huhitaji takriban miligramu 15 za madini ya chuma kwa siku. Gramu 100 za biti zina chini ya miligramu moja. Ili apate mahitaji yake kwa biti pekee, angelazimika kula karibu kilo mbili kila siku, na hata hapo mwili usingefyonza ila sehemu ndogo tu.

Biti si chakula kibaya. Ina asidi ya foliki, ambayo pia husaidia kutengeneza damu, na ni tamu kwenye kachumbari. Kosa letu ni kuamini kwamba kila chekundu au cheusi hugeuka damu kikifika tumboni. Soda nyeusi ni maji, sukari na rangi. Damu hujengwa kwa madini ya chuma, asidi ya foliki, vitamini B12 na protini, na hayo hayajulikani kwa kutazama rangi.

CHUMA KIKO WAPI?

Madini ya chuma ni ya aina mbili. Kuna yale ya nyama, maini na samaki, ambayo mwili huyafyonza kwa urahisi. Na kuna yale ya mimea: maharagwe, ndengu, wimbi na mboga za majani. Haya ya mimea ni mengi jikoni mwetu lakini ni magumu kufyonzwa, na hufuata tabia ya kile kinacholiwa pamoja nayo.

Rafiki yao mkubwa ni vitamini C. Chungwa, pera, embe, pilipili hoho, nyanya mbichi au ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga huusaidia mwili kuyapokea. Rafiki wa pili ni nyama au samaki, hata kidogo. Ndiyo maana omena wachache ndani ya sufuria ya mboga hufanya kazi kubwa kuliko ukubwa wao. Asiye na pesa za maini asijione maskini wa damu, omena wapo.

Adui wao tunampenda mno. Chai! Majani ya chai yana tanini, ambazo hushikana na chuma tumboni kikapita bila kufyonzwa. Kikombe cha chai nzito pamoja na mlo wa nafaka na mboga chaweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma kilichomo. Kahawa nayo ni vivyo hivyo. Kutia maziwa hakuokoi, kwa kuwa kalisiamu ya maziwa pia hupunguza ufyonzaji wa chuma.

Sisemi tuache chai. Mkenya gani atanisikiliza? Nasema tuipe saa yake. Inywe saa moja au zaidi baada ya kula. Chai ya saa kumi alasiri, peke yake, haina ugomvi na mtu. Mezani pawe na maji, au maji ya ndimu.

MBOGA ZA NYANYA ZETU

Miaka mingi wakazi wa mijini tuliziona mboga za kienyeji kuwa chakula cha dhiki. Kabichi na sukuma wiki zikatawala. Leo mnavu, ambao wengi wanauita managu, mchicha au terere, mgagani au saga, kunde na mrenda zimerudi hadi kwenye madukakuu. Heshima hiyo haikuja yenyewe. Watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, wamezitetea mboga hizi kwa miaka mingi na kuonyesha utajiri wa lishe uliomo ndani yake.

Lakini mboga nzuri yaweza kuuawa jikoni. Tazama tunavyofanya: mama mboga hutukatia majani mchana, yanakaa hadi jioni, tunayaosha yakiwa yamekwisha kukatwa, tunayachemsha kwa maji mengi nusu saa nzima, kisha tunayamwaga maji. Vitamini C huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto. Tunachokula hatimaye ni majani tu, na lishe imekwenda na bomba la sinki.

Fanya hivi. Nunua majani mazima. Yaoshe kabla ya kuyakata, na uyakate wakati sufuria iko tayari. Tia maji kidogo, funika, na uipue mara yanapolainika. Usiongeze magadi kulainisha majani, kwani magadi huharibu vitamini. Ukiogopa uchungu wa mnavu, chagua majani machanga na uyachanganye na mchicha au kunde badala ya kuyachemsha na kumwaga maji mara mbili. Vitunda vibichi vya kijani vya mnavu viondoe vyote, kwa sababu vina sumu. Mboga ikiwa sahanini, ndipo uikamulie ndimu.

Kwa maharagwe na nafaka, wazee wetu walituachia elimu bila kuiita elimu. Kuloweka maharagwe usiku kucha na kumwaga maji yale, au kuuchachusha uji wa wimbi na mtama siku moja au mbili kabla ya kuupika, hupunguza vitu vinavyofungia madini ndani ya nafaka. Ule ukali wa uji si ladha tu.

Na unga wa ugali je? Tangu mwaka 2012, sheria ya Kenya yataka unga wa mahindi na ngano unaopakiwa viwandani utiwe madini ya chuma na vitamini. Unga unaosagiwa kisiagini hauna nyongeza hiyo, ila usipokobolewa hubaki na kiini na maganda yake. Anayetegemea unga wa kukobolewa kisiagini ndiye ahakikishe mboga na maharagwe havikosekani.

MLO WA SIKU MOJA

Huu hapa mfano ambao hautakukausha mfuko. Asubuhi, uji wa wimbi uliochachushwa na chungwa moja au kipande cha papai. Mchana, githeri au ndengu pamoja na kachumbari ya nyanya na pilipili hoho. Saa kumi, chai yako, ukitaka na kiazi kitamu. Jioni, ugali, mchicha uliochanganywa na mnavu, omena, na ndimu juu. Maji yawe ndiyo kinywaji cha mezani.

Wanafunzi wa bweni hawachagui menyu, hilo nalijua. Hata hivyo waweza kubadili saa ya chai, na waweza kubeba ndimu kadhaa sandukuni. Ndimu hazihitaji jokofu.

CHAKULA HAKITOSHI PEKE YAKE

Hapa ndipo sisi tunaopenda tiba za asili tunapaswa kuwa wakweli. Tegu na safura ni maneno ya kale. Minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya nyayo, ikajishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu polepole. Unaweza kumlisha mtoto maini kila siku, naye mnyoo akala kwanza. Viatu, choo safi na dawa ya minyoo ndiyo tiba. Malaria pia huvunja chembechembe za damu, basi chandarua ni lishe vilevile. Hedhi inayozidi wiki moja, au inayolowesha kitambaa kila saa, yafaa ielezwe daktari bila haya.

Hamu ya kula udongo nayo si tabia mbaya ya kuchapiwa mtoto. Mara nyingi ni dalili kwamba mwili umepungukiwa na madini ya chuma. Nao udongo wenyewe waweza kuzuia chuma kufyonzwa na kuleta mayai ya minyoo, hivyo tatizo likajizungusha.

Tena usikimbilie kununua vidonge vya chuma bila kupimwa. Mwenye ugonjwa wa selimundu, kwa mfano, hupungukiwa damu kwa sababu nyingine kabisa, na chuma cha ziada chaweza kumdhuru. Ukiandikiwa vidonge, vimeze kwa maji au maji ya chungwa, kamwe si kwa chai. Usishtuke choo kikiwa cheusi, ni kawaida. Usiviache mara unapojisikia nafuu, kwani akiba ya mwili huchukua miezi kujaa. Viweke mbali na watoto wadogo, kwa maana vingi kwa mpigo ni sumu kwao.

Binti wa jirani alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma vya miezi mitatu. Mamake alimfungia ndimu na karanga za kupeleka shuleni, na akamwandikia mlezi wa bweni barua kuhusu vidonge. Alipopimwa tena likizoni, alikuwa na gramu 11 na nukta sita. Bado hajafika, lakini ngazi anapanda bila kuketi, na odowa ameitupa mwenyewe. Babake hajaomba msamaha kwa lile neno "uvivu", ila nimemwona mara mbili akiubeba ule mtungi wa maji hadi orofa ya nne.

Mimi nimeomba. Nilikwenda kwa mamake nikamwambia, "Nisamehe kwa zile wiki tatu." Akanimiminia chai, akatazama saa ya ukutani, akauliza, "Umekula lini?" Tukacheka sote.

Kwa hivyo, msomaji, mtu wa nyumbani mwako akichoka bila sababu, akipauka, moyo ukimwenda mbio kwa kazi ndogo, usimpe jina wala usimpe rangi. Mpeleke apimwe kwanza. Kisha rudi jikoni, ambako kazi ya kila siku ndiko iliko.

Tukutane Jumapili ijayo. Siha njema.