"Turudie" Si Hukumu

Neno ninalolichukia kuliko yote katika uamuzi wa bao ni "turudie". Nimeamua bao kwa miaka mingi katika mabaraza ya Korogwe na Handeni. Nimelisikia Manundu, nimelisikia Chanika, na kila mahali hutolewa kwa sauti ile ile ya upole, kana kwamba ni sadaka. Kete imeingia mahali si pake, wachezaji wamepandishiana sauti, na mtu mmoja aliyekaa pembeni na kikombe chake cha kahawa anasema: "Basi turudieni, mchezo tu huu." Wote wanashusha pumzi. Mimi husema hapana.

Turudie maana yake nini? Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa katika nyumba, na 22 za kunamua. Aliyekwisha kula nyumba ya mwenzake, na mtaji mwingine unamsubiri, amefanya kazi kubwa ya kichwa. Ukisema turudie, kazi hiyo umemnyang'anya asiyekosa ukamtunukia aliyekosa. Mjanja naye hujifunza upesi: nikizidiwa, nivuruge.

Wenye "turudie" wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Bao halitunzi ushahidi. Katika mashindano ya briji, ule mchezo wa karata wa Kizungu, kila mchezaji huweka karata alizokwisha kuzicheza mbele yake kifudifudi, hata mwishoni msimamizi aweza kuzifunua moja moja akaona ni nani aliyeficha karata ya aina iliyotakiwa. Kete yetu ikishaingia shimoni na wenzake imepotea humo, haina alama. Mtu akizunguka ubao na kete 14 kiganjani, akatupa mbili shimo moja, akaendelea kuchota na kusambaza, nani ataurudisha ubao ulivyokuwa? Mafundi wachache huweza. Wengi wetu hatuwezi.

Lakini dawa yake si kuufuta mchezo. Dawa ni wakati. Katika briji, aliyeacha kufuata aina ya karata hali anayo hulirekebisha kosa lake maadamu yeye au mwenzi wake hajacheza katika duru inayofuata. Wakishacheza, kosa limethibiti. Mimi barazani nimeweka sharti la namna hiyo: mwenye lalamiko aseme kabla hajagusa kete za zamu yake. Akisema kwa wakati, tunarekebisha tunachokiona. Kisichorekebishika, aliyekosa analala hapo hapo na zamu inakwenda kwa mwenzake. Akinyamaza akacheza, ameukubali ubao kama ulivyo. Watazamaji (nawakusudia hasa wale wanaokuja na midomo bila kete) hawana haki ya kulalamika hata kidogo.

Nimeambiwa kwamba huko ni kumvunjia mtu mzima heshima. Mzee wa miaka sabini, amezungukwa na wajukuu, utamwambiaje kuwa amekosa? Nitamwambia, "Shikamoo babu, hapa zimeingia mbili," basi. Sijamwita mwizi. Mwamuzi hauoni moyo wa mtu, anaona mashimo. Hata utangulizi wa kanuni za briji za mwaka 2017 unaeleza kwamba shabaha yake kubwa ni kurekebisha palipoharibika, si kuadhibu. Kinachomdhalilisha mzee ni kunyamaziwa, akaenda zake nyumbani huku vijana wakikonyezana mgongoni mwake kwamba ameiba kete, naye hakupewa nafasi ya kusema neno.

Wapo wanaoniomba nilegeze, kwa kuwa hapana fedha inayoshindaniwa. Nawajibu kwamba hata mimi silipwi. Wakitaka mtu wa kusema turudie wamweke; nitampisha kiti na kukaa mkekani nicheze, na akinifutia mtaji wangu atanisikia kabla sijagusa kete.