Bibi, mbwa na Ukuta wa Warumi

Kiangazi kikikaribia huku Uingereza, maswali ya motohomu huanza kuingia kwenye simu yangu. Namaanisha lile gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Mwaka huu swali limekuja na mkia. Watoto wametushinda nguvu, tumefuga mbwa. Na bibi yao naye amekuja kututembelea kwa visa ya miezi sita. Mbwa akiachwa, mtoto analia. Bibi akiachwa, hilo halisemeki. Je, gari moja litawatosha wote?

Letu lilitutosha siku saba: mimi, mume wangu, watoto wawili, mama yangu kutoka Tanga, na Simba, mbwa wa kilo kumi na mbili asiye na hata chembe ya usimba.

Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hilo si jambo la kumwambia mzee "hapa ni Ulaya, mama, zoea." Tulikaa mezani kabla hatujalipia gari, mama akataja masharti yake. Kitanda chake na mkeka wa kuswalia Simba asivikaribie. Bakuli na taulo la mbwa visichanganywe na vyombo vyetu. Akitoka mvuani akaushwe nje, asije kujikung'uta ndani. Basi mama akapewa kitanda cha nyuma chenye pazia, na Simba akatandikiwa mlangoni. Mwanangu alipoanza kununa, mama mwenyewe ndiye aliyemweleza kwamba hata mbwa wa As-habul Kahf alilala kizingitini mwa pango, kwa hiyo Simba asione ameonewa.

Sasa, kwenda wapi? Kila mgeni anataka Stonehenge. Kwa familia yenye mbwa siishauri. Mbwa wa kawaida haruhusiwi kufika kwenye mawe, ni wale wa kuwasaidia wenye ulemavu tu, na kumfungia garini siku ya jua ni kumuua. Kaskazini yake kuna Avebury, mduara wa mawe mkubwa kuliko yote duniani, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na Stonehenge mwaka 1986. Kijiji kimo ndani ya mduara, mawe unayashika kwa mkono wako, na mbwa anaingia akiwa kwenye kamba.

Sisi tulikwenda mbali zaidi, kwenye Ukuta wa Hadrian. Warumi walianza kuujenga mwaka 122, kilomita 117 kutoka pwani hadi pwani, na kwa muda mrefu huo ndio ulikuwa mpaka wa dola yao upande huu. Sehemu nyingi ni uwanda wa wazi ambao mbwa anatembea na familia yake. Ila kamba isitoke mkononi, maana ukuta unapita malishoni. Tangu 1953 ipo sheria ya kulinda mifugo dhidi ya mbwa, na mkulima akimpiga risasi mbwa anayeshambulia kondoo wake anaweza asionekane na kosa lolote.

Ngome ya Housesteads iko juu ya kilima, na kutoka maegesho ni mwendo wa kupanda. Mwenye magoti mabovu mpe muda. Mama alipanda akisimama kila baada ya hatua chache, Simba akisimama naye. Kufikia siku hiyo alishajifunza kutii "kaa" na "ondoka hapa" za mama kuliko amri zetu za Kiingereza. Juu kule vipo vyoo vya askari, vimebaki misingi yake na mifereji. Walikaa kwa safu bila ukuta kati yao, na mbele ya miguu yao ulipita mfereji mdogo wa maji ya kusafishia. Mama aliuchungulia, akatangaza kwamba Warumi walikuwa watu wa maji, si wa karatasi, na kwamba hilo Waingereza wangelirithi.

Mimi kilichonishika kilikuwa Vindolanda, ngome nyingine si mbali na hapo. Mwaka 1973 wachimbuaji walianza kukuta vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino, vikiwa vimehifadhiwa na tope kwa zaidi ya miaka 1,800. Kimoja ni hesabu ya kikosi cha Watungri, watu waliotoka sehemu ambayo leo ni Ubelgiji. Askari 752, wengi wao wakiwa wametumwa kwingine. Kati ya waliokuwepo, 31 hawakufaa kwa kazi: wagonjwa 15, majeruhi 6, na wenye macho mabaya 10. Nilisoma kama mtu anayepokea zamu asubuhi. Kumi wa macho! Moshi wa kuni, uchafu, taulo moja la wote, nani ajuaye. Kibao kingine kinataja soksi, jozi mbili za ndala na jozi mbili za chupi alizotumiwa mtu kambini. Anayepokea vifurushi kutoka nyumbani ataelewa. Ndani ya makumbusho Simba hakuingia, tukapokezana kumshika nje.

Na kwa kuwa mimi ni nesi, hamtatoka bila mambo mawili.

La kwanza ni kupe. Majani marefu ya huko yanao. Jioni kagua mbwa, kisha kagua watoto: nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, nyuma ya masikio. Kupe mng'oe kwa kibanio chembamba, umshike karibu kabisa na ngozi na umvute taratibu, bila mafuta wala moto wa kiberiti. Ukiona wekundu unaopanuka kama duara siku au wiki kadhaa baadaye, nenda kwa daktari umwambie mlikuwa wapi. Huenda ni ugonjwa wa Lyme, na dawa yake ipo.

La pili ni jiko la mkaa. Najua tunavyopenda mishikaki, na najua usiku wa kaskazini ulivyo na baridi hata Julai. Jiko hilo, hata likiwa limebaki majivu ya moto, lisiingizwe garini wala kwenye turubai la pembeni. Hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini. Kama wote ndani mnaumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, tokeni nje kwanza, ndipo mpige simu 999. Kabla ya kuchukua gari, bonyeza king'ora chake usikie kama kinalia.

Siku ya mwisho tulishuka South Shields, mji wa pwani wenye ngome ya Arbeia. Makumbusho yake yana jiwe la kaburi la Regina, mwanamke wa kabila la kusini mwa Uingereza aliyekuwa mtumwa, akaachwa huru, akaolewa. Alikufa akiwa na miaka 30. Mumewe, Barates, alitoka Palmyra huko Syria. Jiwe limeandikwa Kilatini, lugha ya serikali, lakini chini kabisa kuna mstari mmoja wa Kiaramu cha kwao, unaomlilia. Ngome hiyohiyo ina jiwe la Victor, Mmoor kutoka Afrika Kaskazini. Mama aliniomba nimwoneshe ule mstari wa chini. Akausimamia muda mrefu, kisha akamuuliza mjukuu wake, "Wewe ukinizika, utaniandikia lugha gani?" Mtoto akajibu kwa Kiingereza kwamba bibi hafi. Mama akamwambia arudie kwa Kiswahili. Akarudia.

Mji huo una Wayemeni tangu miaka ya 1890, waliokuja kama mabaharia, na msikiti wao wa Al-Azhar ndiko Muhammad Ali alikobarikiwa ndoa yake mwaka 1977. Mama aliswali adhuhuri pale. Sisi wengine tulibaki na Simba pembeni, tukila chapati za jana.

Mnaotaka kwenda: leseni ya kawaida, kama ulifaulu mtihani baada ya mwaka 1996, hukupa gari lisilozidi kilo 3,500, na humo hesabu watu, matangi ya maji na mchele wenu. Maegesho ya ngome si mahali pa kulala, weka nafasi kambini mapema. Wakati wa kukodi sema wazi kwamba kuna mbwa, na siku ya kurudisha beba brashi ya mpira. Inatoa manyoya kwenye viti kuliko mashine yoyote.