Sheria ya Kampuni Isemwe kwa Kiswahili

Wako Wakenya waliopoteza mali kwa kudhani kuwa kusajili jina la biashara ni sawa na kuunda kampuni. Si sawa hata kidogo. Machoni pa sheria, mwenye jina hilo na biashara yake ni kitu kimoja: akishindwa kulipa deni, dalali humfuata hadi nyumbani. Kampuni nayo ni nafsi mbali kisheria. Deni lake ni lake, ila pale mwenyewe alipotia sahihi ya udhamini (na benki zetu huipenda mno sahihi hiyo).

Sheria ya zamani, Sura ya 486, ilitaka kampuni ya kibinafsi iwe na watu wasiopungua wawili. Ile ya mwaka wa 2015 yaruhusu hata mtu mmoja. Seremala wa Gikomba aweza kuunda kampuni peke yake. Je, ajuaje, ilhali sheria yenyewe ina vifungu zaidi ya 1,000, vyote vikiwa vimetungwa kwa Kiingereza kizito?

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, yatambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Naona ni haki vifungu vinavyomgusa mfanyabiashara mdogo vifasiriwe upesi. Walimu wa elimu ya biashara nao wasiingoje serikali. Waifundishe tofauti hii kwa Kiswahili pia, maana mara nyingi anayemjazia mzazi fomu ya usajili ni mtoto wake wa kidato cha tatu.